Kadi Isiyo Yako: Somo juu ya Udanganyifu katika Bima ya Afya, kwa Wanachama na Wahudumu wa Ngara na Biharamulo

Mkazi wa kata ya Kirushya, wilayani Ngara, hahitaji kufundishwa maana ya bima kwa maneno ya vitabuni. Kabla ya magari ya wagonjwa na kabla ya bodaboda, mgonjwa mahututi alibebwa mabegani. Ng'ambo ya mpaka, katika Rwanda na Burundi, machela hiyo ya kusuka huitwa ingobyi, na wabebaji wake walikuwa na masharti yao: kila kaya itoe bega, na aliyetoa bega jana ana haki ya kubebwa leo. Bima ya afya ni mkataba wa namna hiyo hiyo. Tofauti ni kwamba mahali pa bega pamewekwa shilingi, na mahali pa majirani wanaojuana kwa sura pamewekwa kadi yenye jina na namba. Hapo ndipo ugumu unapoanzia. Kwenye machela hakuna awezaye kujifanya mtu mwingine. Kwenye kadi inawezekana.

Maelezo mengi kuhusu udanganyifu wa bima huishia kwenye fedha: Mfuko umepoteza kiasi gani, kituo gani kimekatwa madai, nani amefikishwa mahakamani. Fedha ni jambo kubwa, nasi tutalifikia. Lakini makala haya yanashikilia hoja nyingine ambayo, kwa maoni yetu, haisemwi ipasavyo: taarifa ya uongo iliyoandikwa kwa ajili ya bima haibaki katika hesabu. Huingia katika jalada la mgonjwa, na kutoka jaladani huingia mwilini mwa mtu.

Mifuko tuliyo nayo

Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, NHIF, uliundwa kwa sheria ya mwaka 1999 na ukaanza kazi mwaka 2001, kwanza kwa watumishi wa umma. Mtumishi hukatwa asilimia 3 ya mshahara wake na mwajiri huongeza asilimia 3 nyingine. Kadi humhudumia mwanachama, mwenza wake na wategemezi wengine wanne, yaani watoto, wazazi au wakwe. Kwa wakulima na wafanyabiashara wadogo ulianzishwa Mfuko wa Afya ya Jamii, CHF, ulioanza kwa majaribio wilayani Igunga mwaka 1996 na kupewa sheria yake mwaka 2001. Ulipoboreshwa mwaka 2018, kaya ya watu wasiozidi sita ikapangiwa kuchangia shilingi 30,000 kwa mwaka, na huduma zikaenea kutoka zahanati hadi hospitali ya mkoa kwa kufuata utaratibu wa rufaa. Mwaka 2023 Bunge likapitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, ambayo inaifanya bima kuwa wajibu wa kila mkazi badala ya hiari ya wachache.

Msomaji aikumbuke shilingi 30,000, maana ndiyo kipimo cha kila jambo litakalofuata. Kwa kiwango hicho, kijiji chenye kaya 200 zilizojiunga kilikusanya shilingi 6,000,000 kwa mwaka mzima. Katika utaratibu wa CHF uliopewa jina la tele kwa tele, Serikali ilikusudia kuongeza kiasi kinacholingana na michango ya wananchi. Hata tukihesabu nyongeza hiyo, hakuna mfuko wa ukubwa huo unaoweza kuvumilia madai ya uongo ya shilingi 100,000 kila wiki. Kabla mwaka haujageuka, dawa za kaya 200 zitakuwa zimekwisha, na watakaoambiwa "dawa hakuna" ni wale wale waliochanga.

Kadi ya kuazimana

Tuanze na kosa linalotendwa vijijini kwa nia njema kabisa.

Tuchukue mfano wa kubuni. Mwalimu wa shule ya msingi ana kadi ya NHIF. Mdogo wake wa tumbo moja ameolewa upande wa Biharamulo, mumewe ni mkulima, hawana bima. Mdogo anashikwa na uchungu wa kuzaa akiwa amemtembelea dada yake, mtoto amekaa vibaya, na usiku ule ule anafanyiwa upasuaji. Kadi iliyopokelewa dirishani ni ya dada. Jina lililoandikwa kitandani, kwenye karatasi ya dawa ya usingizi na katika daftari la wodi ni la dada. Wakati wa matibabu mzazi anachomwa sindano ya jamii ya penisilini na mwili wake unaikataa vibaya: uso unavimba, pumzi inabana. Wauguzi wanamwahi. Daktari anaandika kwa wino mwekundu kwamba mgonjwa huyu asipewe tena penisilini maishani mwake. Mama na mtoto wanarudi nyumbani salama, na ukoo unashukuru kwamba dada alikuwa na kadi.

Sasa tazama kilichobaki nyuma yao. Onyo la wino mwekundu limeandikwa kwa jina la mwalimu, ambaye penisilini haimdhuru. Mwenye mwili unaoikataa amerudi Biharamulo bila karatasi yoyote yenye jina lake. Mwaka ujao akipata nimonia na kwenda zahanati ya kijijini kwake, mhudumu atafungua ukurasa mtupu. Akiulizwa kama kuna dawa inayomdhuru, huenda akakumbuka. Akiwa na homa kali na kuweweseka, hatakumbuka, na shemeji aliyempeleka hajui.

Kwa upande wa mwalimu, jalada linasema amejifungua kwa upasuaji mwezi Juni. Yeye mwenyewe akipata ujauzito, kliniki itamhesabu kuwa mama mwenye kovu la mfuko wa uzazi, na mipango yote ya uzazi wake itafuata kovu asilokuwa nalo. Akijifungua mwezi Desemba mwaka ule ule, kompyuta ya Mfuko itauliza swali ambalo hakuna awezaye kulijibu bila aibu: mwanamke mmoja amejifunguaje mara mbili ndani ya miezi sita? Malipo yatazuiwa, tena huenda yakazuiwa usiku, mumewe akiwa amesimama dirishani.

Na kama mdogo angefariki mezani? Watu hawapendi kulifikiria hili, lakini wahudumu wanapaswa kulisema wazi. Taarifa ya kifo ingeandikwa kwa jina la aliye hai. Kibali cha mazishi kingekuwa cha mwalimu. Kurekebisha hati hizo, wakati msiba uko nyumbani, kungeilazimu familia kukiri kosa katikati ya kilio.

Mfano huu una jambo moja zaidi ambalo laiti lingejulikana mapema, kadi isingetolewa. Sera ya afya ya Tanzania inawasamehe malipo wajawazito, watoto wa chini ya miaka 5 na wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo, wanapotibiwa katika vituo vya umma. Matibabu ya kifua kikuu na ya Virusi vya UKIMWI nayo hayalipiwi. Mdogo huyu, basi, alikuwa na haki yake mwenyewe. Sote tunajua kwamba haki hiyo huchakaa njiani: mzazi huambiwa alete glavu, nyuzi na dawa, na hofu ya orodha hiyo ndiyo humfanya dada aingize mkono mkobani. Ni hofu yenye sababu. Hata hivyo njia ya kuikabili ni kudai msamaha kwa jina la mwenye haki, kwa kumwendea mganga mfawidhi au ofisa ustawi wa jamii wa hospitali, wala si kubadili jina la mgonjwa.

Hatukubaliani na mabango yanayomwita mwazimaji kadi mwizi na kuishia hapo. Desturi zetu humfundisha mtu kwamba chenye kumfaa nduguye hakifichwi, na anayekataa kutoa kadi usiku wa manane atakumbushwa kwenye kila kikao cha ukoo. Hapa Ngara, ambako ndoa na undugu huvuka mpaka wa Burundi na Rwanda, ombi hilo linaweza kutoka mbali kuliko inavyodhaniwa. Jibu linalofaa ni kumwandikisha ndugu huyo kabla hajaugua. Mwalimu angeweza kuilipia kaya ya mdogo wake mchango wa bima wa mwaka, na zawadi hiyo ingewafaa watu sita, kila mmoja kwa jina lake.

Yanayotendeka upande wa dirisha

Udanganyifu wa mwanachama huwa mdogo mdogo na wa mara moja moja. Ule wa kituo hujirudia kila siku, kwa hiyo hula zaidi. Ili kuuelewa, yafaa kujua jinsi kituo kinavyolipwa. NHIF hulipa kwa kila huduma: kumwona daktari kuna bei yake, kipimo kina bei yake, kila dawa ina bei yake. Utaratibu huu humpa mgonjwa uhakika wa kuhudumiwa, lakini humpa mtoa huduma asiye mwaminifu kishawishi cha kuongeza mistari katika fomu. Upo utaratibu mwingine, wa kukilipa kituo kiasi maalumu kwa kila mtu aliyeandikishwa hapo, augue asiugue. Huo nao una kishawishi kilicho kinyume: kuandikisha majina mengi na kuwahudumia wachache. Hakuna namna ya malipo isiyo na mlango wa nyuma. Msimamizi mzuri hujua mlango wa mfumo wake uko wapi.

Mistari ya uongo huja kwa sura chache zinazotambulika. Mgonjwa alipimwa malaria kwa kipimo cha haraka, fomu ikaonyesha picha kamili ya damu na altrasaundi. Alipewa dawa ya bei nafuu, ikaandikwa ya bei ghali. Alikuja asubuhi na kuondoka mchana, ikaandikwa kwamba alilazwa siku mbili. Kidonda kilioshwa na kufungwa, kikaitwa upasuaji. Au hakuja kabisa: namba yake ilihifadhiwa tangu mwaka jana, na kila mwezi anaugua bila yeye kujua.

Jirani zetu Wakenya wameyaona haya waziwazi. Mwaka 2023 uchunguzi wa wanahabari ulionyesha wazee wa vijijini wakichukuliwa kwa ahadi ya matibabu ya bure, kisha kadi zao zikatumika kudai malipo ya upasuaji. Wizara ya Afya ikasimamisha hospitali kadhaa na maofisa wa mfuko wa nchi hiyo. Mfuko ule ulivunjwa, na tangu Oktoba 2024 kazi yake ikachukuliwa na Mamlaka ya Afya ya Jamii. Lakini Agosti 2025 Serikali ya Kenya ilitangaza tena kusimamisha makumi ya vituo, na miongoni mwa tuhuma ilikuwamo ile ile ya kuwageuza wagonjwa wa kutwa kuwa waliolazwa. Kubadili jina la mfuko hakukubadili kishawishi.

Anayedhani kwamba haya ni ya makaratasi tu na atazame kesi ya Dkt. Farid Fata, daktari wa saratani katika jimbo la Michigan, Marekani, aliyekamatwa mwaka 2013. Aliwapa dawa za saratani watu wasiohitaji, wengine wakiwa hawana saratani hata kidogo, ili adai malipo ya bima. Waathirika waliotajwa mahakamani walikuwa 553, na mwaka 2015 alihukumiwa kifungo cha miaka 45. Dawa zile huua chembe hai za mwili. Hazibagui kama madai yaliandikwa kwa ukweli au kwa uongo. Kwa kiwango kidogo, ndivyo ilivyo kwa sindano ya seftriaksoni anayopewa mtu mwenye mafua kwa sababu tu sindano hulipwa zaidi ya ushauri. Mtu huyo anachomwa bila sababu, na vijidudu vya kijiji kizima vinajifunza kuishinda dawa ambayo kesho itahitajika kwa mtoto mwenye homa ya uti wa mgongo.

Tuongeze neno la haki kwa wahudumu. Si kila kosa katika fomu ni udanganyifu. Zahanati yenye mganga mmoja na wagonjwa 60 kwa siku itakosea msimbo, itasahau tarehe, itaandika dawa katika mstari usio wake. Kosa la uchovu huangukia pande zote: mara kituo kinajipunja, mara kinajizidishia. Udanganyifu huangukia upande mmoja tu, na hujirudia. Mkaguzi asiyetofautisha mawili hayo atawakatisha tamaa waaminifu na kuwaacha wajanja, ambao fomu zao aghalabu ndizo safi kuliko zote.

Jinsi ya kuutambua

Mwanachama ana silaha moja, nayo ni saini yake. Fomu ya madai ya NHIF, ambayo wengi huijua kama 2A/B, huhitaji uthibitisho wa mgonjwa kwamba huduma zilizoorodheshwa amezipata. Kusaini fomu tupu, "ili usicheleweshwe", ni sawa na kusaini hundi isiyo na kiasi. Soma kilichoandikwa; usiyejua kusoma, mwombe kijana uliyekuja naye akusomee. Hesabu vipimo: kama ulitolewa damu kidoleni mara moja na fomu inaonyesha vipimo vitano, uliza. Linganisha dawa zilizo mkononi na zilizo katika fomu. Kadi yako usiiache kituoni "kwa urahisi wa safari ijayo", hata kwa mhudumu mliyesoma naye. Pale ambapo uthibitisho hufanywa kwa alama ya kidole, kidole nacho kiwekwe baada ya huduma, na mara moja.

Katika uandikishaji, tahadhari ni fupi. Mchango wa Serikali hulipwa kwa kumbukumbu namba ya malipo, nayo humletea mlipaji ujumbe au risiti. Anayepita nyumba kwa nyumba akitaka fedha taslimu na kuahidi kwamba kadi itafuata, apelekwe kwanza kwa mtendaji wa kijiji atambuliwe.

Kwa mganga mfawidhi na kwa Kamati ya Usimamizi ya Kituo, ambayo ina wajumbe kutoka kwa wananchi, upo ukaguzi usiohitaji kompyuta wala mtaalamu kutoka Bukoba. Chukua madai ya mwezi mmoja uliopita. Weka pembeni yake vitabu vya MTUHA, ambamo kila mgonjwa huandikwa anapohudumiwa, na leja ya dawa. Chagua majina 20 bila mpangilio. Je, kila mmoja yumo katika kitabu cha siku hiyo? Kipimo kilichodaiwa kimo katika daftari la maabara? Dawa zilizodaiwa mwezi mzima zinazidi zile zilizokuwapo mwanzoni mwa mwezi, zilizopokelewa kutoka Bohari ya Dawa na zilizonunuliwa kwingine? Kituo kilichokuwa na jumla ya chupa 100 hakiwezi kutoa chupa 140. Angalia pia saini: wagonjwa 20 wa vijiji vitano hawawezi kuwa na mwandiko mmoja. Kazi hii huchukua mchana mmoja, na mkulima aliyewahi kutunza daftari la chama cha ushirika cha kahawa anaiweza.

Dirishani, kutambua sura si kumdhalilisha mtu. Muuguzi anayesema kwa sauti, foleni nzima ikisikia, "Hii kadi si yako!" amemfukuza mgonjwa na hajaokoa shilingi. Afaaye humwita kando na kumwambia: "Mama, naona kadi hii ni ya dada yako. Matibabu utayapata, lakini kwa jina lako, ili dawa tutakazokupa zijulikane kuwa ni zako." Kisha amweleze habari ya msamaha kama anastahili, au ya kulipa kidogo kidogo. Mgonjwa wa dharura ahudumiwe kwanza. Swali la kadi lingoje.

Kutoa taarifa

Mtu mwenye shaka anaweza kuanza katika ofisi ya Mganga Mkuu wa Wilaya, au ofisi ya NHIF ya mkoa iliyoko Bukoba. Safari ya Bukoba kutoka Ngara, kupitia Lusahunga, Biharamulo na Muleba, si ya kila mtu. TAKUKURU hupokea taarifa kwa simu ya bure namba 113. Mwenendo wa mtaalamu mmoja mmoja huweza kupelekwa kwenye baraza lake: Baraza la Madaktari Tanganyika, Baraza la Uuguzi na Ukunga, au Baraza la Famasi.

Kikwazo kikubwa ni woga, hasa kwa mhudumu anayemjua mwenzake na kula naye. Marekani ililishughulikia jambo hili mapema: sheria yao ya mwaka 1863, iliyotungwa dhidi ya wafanyabiashara walioliuzia jeshi bidhaa mbovu wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, humpa mtoa taarifa sehemu ya fedha zinazorejeshwa, na leo ndiyo hutumika sana katika kesi za udanganyifu wa bima za afya. Nchini kwetu ipo Sheria ya Kulinda Watoa Taarifa na Mashahidi ya mwaka 2015, ambayo humkinga anayesema kwa nia njema dhidi ya kulipiziwa kisasi. Ni wahudumu wachache wanaoijua. Nakala yake ingefaa kuwekwa katika chumba cha mapumziko cha kila kituo, karibu na ratiba ya zamu.

Atoaye taarifa aandike mambo anayoyajua kwa macho yake: tarehe, huduma iliyodaiwa, huduma iliyotolewa, na mahali ambapo kumbukumbu hizo mbili zinapishana. Nakala ya jalada la mgonjwa asiichukue wala kuisambaza kwa simu, kwa kuwa siri ya mgonjwa hailegezwi na kosa la mhudumu. Inatosha kutaja namba ya jalada na ukurasa. Wachunguzi wana mamlaka ya kulifungua.